Hajasema Baba

Mwaka juzi tulimfanyia mdogo wangu sendofu kwenye ukumbi mmoja hapa Arusha, na kwenye kamati nikapewa ile kazi ambayo kila mtu aliikwepa, ukalimani. Wakwe walitoka Muheza, Wabondei, nusu Waislamu nusu Waanglikana kama ilivyo kawaida ya kule, Krismasi wanakula pilau wote na Idi wanakula pilau wote. Sisi huku ni Wambulu, au Wairaqw tukitaka kujisema vizuri, na upande wa baba waliona haifai mtoto aondoke nyumbani bila kuombewa kwa lugha. Basi akaletwa mzee mmoja kutoka kule juu Mbulu, koti la suti juu ya shuka, fimbo mkononi, akapewa maiki akaikataa. Akasema sauti anayo.

Na kweli anayo. Kama hujawahi kusikia slufay sijui nikueleze vipi, ni maombi lakini yanakwenda kama shairi, mzee anasema mstari, waliokaa wanaitikia, anasema mwingine, wanaitikia, na yanakwenda mbio kiasi kwamba hata mwenye lugha yake inabidi akae vizuri. Zamani yalikua yanasemwa kwenye mkusanyiko wa wazee na pombe yao katikati. Pale ukumbini waliitikia watu wazima kama kumi hivi, sisi wengine tumeshika simu tunarekodi.

Sasa mi Kiiraqw changu ni cha kuombea maji ya kunywa. Mama yangu ni Mpare, nimezaliwa mjini, nyumbani ni Kiswahili mwanzo mwisho. Nikawa nadaka neno hapa neno pale, mvua, ng'ombe, watoto, njia nzuri, mengine najaza mwenyewe, na kila nikikwama naanza na "Mungu Baba...", si ndo tulivyozoea, ukikosa la kusema kwenye maombi unasema Mungu Baba halafu akili inakuja yenyewe. Mara ya tatu au ya nne shangazi aliyekaa nyuma yangu akanivuta kitenge.

"Hajasema Baba."

Nikadhani nimekosea kidogo tu, nikaendelea. Akanivuta tena. "Nimekwambia hajasema Baba."

Baadae tukiwa tunasubiri chakula nikamfata, nikamuuliza shangazi kwani mzee alikua anasema nini. Akasema, alisema Looaa. Nikamwambia si ndo Mungu huyo huyo? Akasema ndo Mungu, nani kakataa, lakini si baba. Akanyamaza kidogo akatafuna korosho zake, halafu akaniambia kitu ambacho nimekaa nacho mpaka leo, "Looaa ukimsema, unamsema kama unavyonisema mimi."

Kama wewe ni msemaji wa Kiswahili au lugha yoyote ya Kibantu hiyo sentensi haiingii kichwani mara moja, mimi yenyewe ilinichukua siku. Kiiraqw si Kibantu. Ni lugha ya Kikushi, ukoo mmoja na Kisomali na Kioromo, na hapa Tanzania ndugu zake ni Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge. Na lugha hizi zina jinsia kwenye maneno, yaani neno lenyewe ni la kike au la kiume, na kitenzi cha mwanamke hakifanani na cha mwanaume. Sisi tunasema "anakuja" na hujui ni nani mpaka afike. Wao wakisema anakuja ushajua. Na Looaa, muumba, ambaye jina lake halitenganiki na jua, ni wa kike. Sio tafsiri ya mtu fulani msomi, ndo sarufi ilivyo, huwezi kumtaja kwa Kiiraqw safi bila kumtaja kama mwanamke.

Na sio sarufi peke yake. Kwenye imani ya asili ya Wairaqw Looaa ndo mwema, ndo anayetoa mvua na uzazi na uhai. Wanaoogopwa ni wengine, neetlaangw, mizimu ya ardhini inayokaa kwenye chemchemi na mito, na hao wanasemwa kama wanaume. Wakikasirika watu wanaugua na mifugo inakufa. Mwema yuko juu, anawaka kila asubuhi, ni mama, na wa kuogopwa wako chini majini, ni madume. Shangazi akasema hivyo hivyo huku anacheka, "hata huko juu walijua."

Ukienda Irqwa Da'aw, kule kwenye vilima ambako ndo chimbuko letu, utaelewa kwanini jua. Baridi ya asubuhi kule sio ya mchezo, ukungu umekaa mpaka kwenye mahindi, unatoka nje na blanketi unasimama tu kama mti mpaka linapotokea upande wa bonde la Ziwa Manyara na mgongo unaanza kulegea. Mi nikiwa mdogo tulipokua tunapelekwa likizo nilikua nalilia jua kabisa, nalilia kama mtu anavyomlilia mama yake, sikujua kwamba kuna watu washawahi kulifikiria hilo kabla yangu.

Na hatuko peke yetu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao lugha yao haina ndugu, wana Ishoko, jua, mwanamke, na Haine mwezi ndo mume. Halafu kuna Wamasai, na hawa ndo watu wanawajua zaidi. Mungu kwa Kimaa ni Enkai. Ile "en" ya mwanzo ni kiambishi cha kike, "ol" ndo cha kiume, enkiteng ni ng'ombe jike, olkiteng ni dume. Ushahidi mwingine unao mwenyewe mdomoni kila siku ila hujui, mji wa Narok kule Kenya jina lake linatokana na Enkare Narok, maji meusi, na ule mlima wa pale Namanga unaitwa Ol Doinyo Orok, mlima mweusi. Weusi ule ule, narok ukiwa wa kike, orok ukiwa wa kiume. Sasa Enkai wanamsema kwa sura mbili, Enkai Narok, mweusi kama wingu la mvua, huyo ndo mpole, na Enkai Nanyokie, mwekundu, wa ukame na hasira. Vyote viwili vya kike. Na neno enkai lenyewe ni mvua pia.

Kuna mtu atasema kiambishi sio hoja, na ana haki, maana Kimaa kinatumia hiyo hiyo "en" kwa vitu vidogo, olalem ni sime, enkalem ni kisu. Kwaiyo sarufi peke yake nisingeitegemea mahakamani. Lakini angalia nani alikua anamwomba Enkai kila siku. Wanawake. Asubuhi wakikamua, maziwa ya kwanza wanarusha kidogo juu na kuomba, jioni tena. Wazee wa kiume wana mikutano yao ya baraka, ila sala ya kila siku ilikua kazi ya yeyo, yaani mama. Mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu walioanza utume Umasaini kaskazini mwa Tanzania miaka ya 1950 walilenga zaidi wanaume, walianza na shule za wavulana, baadae wakafata maboma yenyewe, na wanaume wakawaangalia tu. Waliojaa makanisani ni wanawake. Watu wakashangaa. Mi sishangai, kama mtu amekua anaongea na Mungu mara mbili kwa siku toka aolewe halafu ukamjengea nyumba ya kuongelea kwanini asije.

Sasa turudi kwenye Kiswahili maana ndo kinachoniumiza kichwa.

Kiswahili hakina "yeye mwanamke" na "yeye mwanaume". Mungu anapenda, Mungu anaona, hiyo "a" haisemi chochote. Tena neno lenyewe ukiliangalia sio hata la kundi la watu, mungu miungu, kama mti miti, mto mito, ila tunalipa heshima ya mtu. Ungedhani basi lugha yetu ndo iliyobarikiwa kuliko zote, haimvishi Mungu suruali wala gauni. Waingereza huko wanagombana miaka na miaka kuhusu neno moja dogo, sisi tumekaa.

Lakini jinsia ikitoka mlangoni inaingia dirishani. Kwetu sisi imeingia kwenye majina. Baba. Mfalme. Na zaidi ya yote, Bwana. Bwana ni mwenye nyumba, ni tajiri wako, na mtaani ni mume wa mtu, "huyo ni bwana wake". Tunasalimiana Bwana asifiwe mara kumi kwa siku, na kuna jirani yangu kila nikimsalimia hivyo anajibu "wa kwangu au wa kwako?", kafiwa na haya kabisa yule mama. Ila ndani ya utani wake kuna kitu. Hiyo "a" iliyo safi haina jinsia, lakini ilishakaa na Bwana kwa miaka mingi sana mpaka ukisikia Mungu anasema, kichwani inakuja sauti nzito.

Ndo maana mimi pale na maiki nikasema Baba. Hakuna aliyenituma. Looaa alitoka mdomoni mwa mzee akiwa mwanamke, akapita kwangu, akatokea kwa wakwe akiwa mwanaume, na safari nzima ilichukua kama sekunde mbili. Hakuna mjadala, hakuna sinodi, hakuna mtu aliyesema huyu tumfute. Ni mkalimani tu asiyejua lugha anataka kumaliza akale.

Na siwezi kusema Ukristo ndo umemkataa mama, kwa sababu nilienda kusoma Biblia na vifungu vya Mungu kama mama vimejaa tele. Kumbukumbu la Torati 32:18 inawaambia Waisraeli wamemsahau Mungu aliyewazaa. Isaya 42 Mungu analia kama mwanamke mwenye utungu, Isaya 66 anasema atawafariji kama mtu anavyofarijiwa na mama yake. Yesu mwenyewe akiiangalia Yerusalemu anajifananisha na kuku anayekusanya vifaranga chini ya mabawa, na kuku huyo sio jogoo, jogoo hana habari na vifaranga. Roho kwa Kiebrania ni neno la kike, na Wakristo wa mwanzo wa Siria waliotumia Kisiria walimsema Roho Mtakatifu kwa kike, baadae wakaacha. Na tarehe 10 Septemba 1978 Papa Yohane Paulo wa Kwanza, yule aliyekaa siku 33 tu, aliwaambia watu kwenye sala ya mchana kwamba Mungu ni baba na zaidi ya hapo ni mama. Papa kabisa, sio mwanaharakati. Mi nimeenda misa toka nabebwa mgongoni na sijawahi kusikia padri akiligusa hilo, labda siku hiyo nilikua nimelala.

Halafu upande mwingine pia kuna mambo. Mama mkubwa wa bwana harusi, hajati wa Muheza, mwanamke ana maneno kama asali, nikawa nimemuelezea huo mkanganyiko wangu tukiwa kwenye foleni ya chakula, nikategemea atasema astaghafirullah. Akaanza kwa kuniweka sawa, Mwenyezi Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, hana mfano, si mume si mke, hilo lieleweke kwanza. Nikasema sawa mama. Akaendelea, lakini hebu niambie, kila kitu sisi tunakianza na nini? Bismillahi Rahmani Rahim. Rahim kwa Kiarabu inatoka mzizi mmoja na lile neno la tumbo la uzazi, kuna hadithi kudsi, yaani maneno ya Mungu yaliyosimuliwa na Mtume, Mungu anasema ameumba hicho kizazi na jina lake amelitoa kwenye jina Lake Mwenyewe, anayekiunga, yaani anayeshika undugu, atamuunga, anayekikata atamkata. Na kuna ile hadithi iliyomo kwenye vitabu vya Bukhari na Muslim, mwanamke mateka anamtafuta mtoto wake, akimpata anamkumbatia na kumnyonyesha, Mtume akawauliza maswahaba mnamuona huyu anaweza kumtupa mwanae motoni? Wakasema hapana, akasema Mungu ana huruma zaidi kwa waja wake kuliko huyu kwa mtoto wake. Alitafuta mfano wa kuwaelewesha huruma, akasema mama mkubwa, na hakuuchukua kwa baba.

Mi nimebaki na sahani mkononi. Yaani rehema, Rehema wote niliosoma nao, na marehemu pia, mtu aliyerehemiwa, yote hayo yanatoka kwenye mzizi wa tumbo la mama na tunayasema kila siku. Na Kiebrania nacho nikaja kukuta ni hivyo hivyo, huruma na tumbo la uzazi ni mzizi mmoja. Kumbe Kiswahili kilichompoteza Looaa kwa sekunde mbili kilikua kimebeba kitu kingine mfukoni muda wote.

Hapo ningeweza kuishia nikaonekana nimepata jibu, lakini kuna kitu kinanikera na nisipokisema nitakua muongo. Mitandaoni siku hizi kuna watu wanaongea kana kwamba zamani kulikua na Mungu mama na wanawake wakawa wanaishi raha mustarehe, halafu wakaja watu na vitabu vyao wakaharibu. Nilimuuliza shangazi hilo. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa bei ya chumvi. Kwa Wairaqw hao hao wa Looaa, binti akipata mimba kabla ya kuolewa alifukuzwa, akaishie porini au kwa makabila mengine, eti amechafua nchi. Mwanamke mimba ikimharibikia alitengwa, asifike mtoni, asiende kwa watu, mpaka muda uishe. Na hiyo slufay yenyewe, ya kumwomba huyo wa kike, nani anaisema? Wazee wa kiume. Shangazi anaijua karibu yote kwa kichwa na pale ukumbini kazi yake ilikua kuitikia, na kunivuta kitenge.

Sio sisi tu. Waarabu kabla ya Uislamu walikua na miungu wa kike, Lata na Uzza na Manata, na wakati huo huo kuna waliokua wakipewa habari ya mtoto wa kike uso unasawijika, wengine wakiwafukia hai. Kurani yenyewe inawasuta kwa hilo, kwenye Suratu Najm wanaulizwa eti nyinyi mnajichagulia wa kiume halafu Yeye mnampa wa kike? Sasa mtu anaweza kumpigia magoti mungu wa kike asubuhi na jioni akamzika binti yake. Kwaiyo mi siamini kwamba tukibadilisha Baba Yetu ikawa Mama Yetu kesho yake mtu ataacha kumpiga mkewe. Mjini hapa kila mtu anakwambia mama ni Mungu wa pili, tena kaandika nyuma ya bodaboda, na mama mwenyewe yuko sokoni na nyanya saa kumi na moja alfajiri.

Ila bado namtaka. Siwezi kuitetea vizuri. Mi nilifiwa na mama nikiwa na miaka kumi na tisa na toka hapo sala yangu imekua kama kuongea na mtu wa ofisini, naeleza shida yangu kwa adabu, naambatanisha sababu. Tukiwa tunarudi na shangazi usiku ule baada ya sendofu alikua nyuma ya gari anamuombea mdogo wangu kwa Kiiraqw taratibu, peke yake, hakuna wa kuitikia, na sauti haikua ya mtu anayeomba kazi. Alikua kama anamnong'oneza dada yake mkubwa kuhusu mtoto.

Basi mwezi wa pili mdogo wangu akanipigia, wakwe wanataka video ya baraka na wanataka maandishi ya Kiswahili pale chini, waelewe mzee alisema nini, na safari hii nifanye vizuri sio ile ya ukumbini. Nikamfata shangazi kwake na laptopu, tukakaa sebuleni jumamosi nzima tunasimamisha video kila mstari. Yeye anasema, mi naandika. Mzee yule maneno yake ni mazuri jamani, nilikua sijui hata robo. Kila penye Looaa nikaacha Looaa, sikuweka Mungu, sikuweka Baba wala Bwana.

Jioni akavaa miwani akaanza kusoma kutoka juu. "Looaa atupe mvua." Akasimama hapo. Akaniuliza sasa hii si bado haijulikani? Nikamwambia shangazi Kiswahili ndo kinaishia hapo, "a" ni moja, hakuna nyingine. Akasoma tena, midomo inacheza. Akavuta laptopu, na kidole kimoja, herufi moja moja, akaongeza neno mbele. Ikawa "Mama Looaa atupe mvua."

Nikamwambia, "Shangazi. Hajasema mama."

Akaniangalia juu ya miwani muda mrefu. Halafu akaniuliza kitufe cha kufuta ni kipi.